Ujira wa Mwanagenzi

Ama baad. Kijana wa Mwandiga ateremka kila asubuhi kwenda Kigoma, katika nyumba ya benki, kujifunza kazi bila ya ujira. Je, yafaa?

Jua, ewe ndugu, ya kuwa kujifunza nako ni malipo, na kwa hayo mwenye benki hana lawama. Lakini kijana akiisha kuijua kazi, akawa apanga mafaili na kuhudumia wateja hata magharibi, huyo si mwanafunzi tena. Nabii Musa (a.s.) alipoajiriwa Madyan, mzee wa huko alimtajia muda kwanza, miaka 8, na kutimiza 10 ni hiari yake, na malipo, kumwoza bintiye. Kijana wetu aambiwa, “Subiri, tutakuona.” Nyumba ijuayo kuhesabu mali za watu hata senti, yashindwaje kuhesabu miezi? Na nauli yake yatoka katika mawese auzayo mamaye.