Nilisema Tu, Sikumgusa Mtu



Hapa kambini neno hili tunalisikia mara nyingi: "Mimi nilisema tu, sikumgusa mtu." Je, aliyesema tu hana hatia? Wengi wetu tulikimbia risasi, lakini kabla ya risasi yalitangulia maneno. Na swali hili lilisikilizwa mahakamani karibu nasi, Arusha.

Redio RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda Julai 1993. Watu waliipenda kwa muziki na mizaha yake. Baada ya tarehe 6 Aprili 1994, redio hiyo hiyo ilitaja watu kwa majina, na baadhi yao wakauawa. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Rufaa ya 2007 ilimpunguzia hadi miaka 30, lakini haikumwachia. Majaji waliona kwamba watangazaji walikuwa chini yake, alikuwa na uwezo wa kuwazuia, na hakuwazuia.

Kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi ni ngumu zaidi. Mahakama ilikubali kwamba baadhi ya nyimbo zake zilitungwa ili kueneza chuki ya kikabila. Hata hivyo hakufungwa kwa ajili ya nyimbo. Mwaka 2008 alipewa miaka 15 kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani, Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe.

Wengine watasema: basi wimbo hauna kosa. Mimi sikubali. Sheria ina sababu ya kwenda polepole, maana kama kila mtunzi angefungwa kwa wimbo wake, watawala wabaya wangewafunga hata wanaosema kweli. Lakini pale sheria inapoishia, dhamiri inaendelea. Mtume Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Aliyewasha kiberiti hawezi kujitetea kwamba hakushika shoka.

Wala tusiseme kwamba elimu, redio na muziki ni vitu vibaya. Mwaka huo huo wa 1994, BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, na watu waliopotezana wakatafutana kwa njia ya redio. Redio moja iliwataja watu ili wauawe, nyingine iliwataja ili wapatikane. Tofauti ilikuwa katika mioyo ya waliozishika.

Basi ndugu zangu, mwenye elimu ana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu watu humwamini bila kumpima. Walimu, mnapowasimulia watoto habari za nyumbani, msiwarithishe adui. Wanakwaya, kabla ya kufundisha wimbo mpya jiulizeni: jirani wa kabila lile akiwa amekaa benchi la mbele, tutauimba mpaka mwisho? Nasi wazazi, sauti ya uchochezi ikiingia kwenye simu, tusiipeleke kwa mwingine tukisema, "Nami nimetumiwa tu." Mwenye uwezo wa kuzuia akanyamaza, naye ameshiriki.

Mungu azilinde ndimi zetu, ili watoto wetu wasije wakakimbia maneno yetu wenyewe.