Mtoto Anapoota Meno, Tunamtuliza Nani?



Sisi wazazi tunaokaa vyumba vya uani karibu na soko tumekuwa na swali moja. Ukuta wa hapa ni mwembamba. Mtoto akilia saa nane za usiku, uwanja mzima unaamka, na asubuhi kila jirani ana dawa yake.

Dawa moja tuiseme waziwazi. Mtoto akipata homa na kuharisha, wengi hapa Uganda husema ana ebinyo. Ndugu zetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki. Fundi hupasua fizi kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli, hutoa kitu cheupe, laini, na kusema ndicho kilichokuwa kinamla mtoto. Kumbe ni jino lake la chonge, bado changa. Wako watoto waliokufa kwa kupoteza damu au kwa kidonda kuoza. Anayepona anaweza kukosa hata jino la ukubwani, maana mbegu yake iko palepale chini. Jino hilo lingetoka akiwa na miaka kumi hivi. Je, nani alimwuliza?

Wala si Afrika peke yake. Uingereza wazazi waliwapa watoto unga wa meno wenye zebaki, watoto wakavimba mikono na miguu ikawa myekundu, wengine wakafa, mpaka unga huo ukaondolewa madukani miaka ya 1950. Wazazi wale walikuwa na madaktari, ila kilio kiliwashinda kama sisi.

Kwa hiyo tunajiuliza: tunapokimbilia dawa, tunatibu maumivu ya mtoto, au hofu yetu na aibu mbele ya majirani? Kuota meno huleta fizi kuvimba, mate mengi, usiku mbaya. Hakuleti homa kali wala kuharisha. Mtoto wa umri huo anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, na maji ya hapa mnayajua. Akiharisha, apewe maji ya ORS na apelekwe kituo cha afya. Kwa meno, kidole safi cha kusugua fizi, kitambaa cha maji baridi, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake akizidiwa. Baada ya hapo ni kumbeba tu, na magego ya mwisho huweza kuchelewa hadi miaka miwili na nusu.

Kubeba tu bila kufanya kingine ni kugumu, hasa kwa mkimbizi. Bibi zetu walibaki kule, na yule mama jirani anayetaka kutupeleka kwa fundi ndiye aliyetupa chumvi siku ya kwanza. Tunamwonaje kama adui? Shukrani tunamdai, kinywa cha mtoto hatumdai. Wengine wetu tumeanza kumjibu hivi: “Mama, kwa fundi hatuendi, lakini tusaidie kumshika mpaka saa kumi, tulale kidogo.” Mpaka sasa hakuna aliyekataa.