Nyumba Tutakayowajengea Mama Zetu



Wengi wetu tumekwisha kuweka nia: nikimaliza masomo, nikianza kupata mshahara, namjengea mama nyumba. Nia njema, na kuwatendea wema wazazi ni ibada. Lakini nia hiyo ikifika kwa fundi hugeuka kuwa matofali ya kuchoma, mabati na saruji, basi.

Kwetu, upande wa Iganga, tulibomoa nyumba ya udongo na nyasi aliyoishi mama miaka mingi. Tukafyatua matofali, tukapanga tanuri, tukakata miti ya shambani ili kuyachoma. Nami nilibeba kuni. Leo mama ana nyumba ya matofali, bati bila dari, madirisha madogo ya upande mmoja. Saa saba mchana anatoka na mkeka wake, anakaa nje mpaka alasiri, chini ya mwembe mmoja uliosalimika. Mvua ikinyesha, ukiwa ndani husikii hata adhana.

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Allah anazitaja nyumba kuwa ni neema Yake, mahali pa utulivu. Sasa nyumba inayomfukuza mwenyewe kila mchana, tumemjengea nini?

Utazameni msikiti wa Madina. Mtume (s.a.w.) na masahaba zake walibeba matofali kwa mikono yao. Yalikuwa ya udongo uliokaushwa juani. Nguzo zilikuwa magogo ya mitende, na paa makuti. Usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, naye akasujudu katika maji na tope hadi alama yake ikaonekana usoni pake. Umar (r.a.) alipoupanua msikiti alitumia vifaa vilevile. Uthman (r.a.) ndiye aliyeweka mawe ya kuchongwa na paa la msaji. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema nimeharamisha saruji. Wala simwambii yeyote alale chini ya paa linalovuja.

Ninachokisema ni israfu. Tanuri moja hula miti iliyokua miaka, nasi tunaiita maendeleo. Kumbe hapa Uganda yapo matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Hunyunyiziwa maji na kuachwa kivulini hadi yakomae. Hayaingii motoni kabisa. Mengine yana meno ya kufungamana, kwa hiyo saruji ya kuunganishia hupungua. Si kila udongo unafaa, basi fyatueni machache kwanza myajaribu.

Na hata ukibaki na fundi wako yuleyule, mwambie jambo hili kabla hajachimba msingi. Jua letu hupita karibu na utosi, asubuhi na jioni likipiga kuta za mashariki na magharibi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Madirisha yaelekeane ili upepo upite, paa litokeze nje ya ukuta, na dari isiachwe mpaka pesa zipatikane, maana hazipatikani. Nyumba ya namna hiyo haidai feni.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mti anaoupanda Muislamu ni sadaka kwake kila anapokula humo mtu, mnyama au ndege. Likizo hii ninapeleka miche minne. Mama ameshanionyesha mahali: upande wa magharibi, mbele ya ukuta wa chumba chake.