Nani Aliyepiga Besi?

Tarehe 18 Desemba 2022, siku ya fainali ya Kombe la Dunia la kandanda, uwanja wa Lusail, kaskazini mwa Doha, Qatar, uliingiza watu 88,966. Argentina na Ufaransa zilitoka sare ya 3–3, penalti zikaamua. Kabla ya penalti hizo na baada yake, maelfu ya watu walikuwa wakiimba wimbo mmoja wa Kihispania, "Muchachos". Wimbo huo una baba wawili. Mahadhi ni ya bendi ya La Mosca ya Argentina, ambayo zamani iliuimba kama kilio cha mlevi aliyeumizwa na mapenzi. Maneno yaliyosikika Lusail, ya Maradona, ya Messi, ya vijana wa vita vya Malvinas, yalitungwa mwaka 2021 na mwalimu wa shule, Fernando Romero, shabiki kama mashabiki wengine. Wengi waliokaukiwa sauti usiku ule hawakulijua jina lake, na wimbo haukupungukiwa na kitu.

Kama kazi imefika ilikotakiwa kufika, jina la mwenyewe linaongeza nini?

Tumezoea kujibu kwamba kila mtu anapenda kutajwa. Si kweli. Muulize mpiga besi wa bendi ya dansi: akipiga sawasawa, watu wanacheza na kumtazama mwimbaji; siku akikosea ndiyo siku wanayogeuka kumtafuta. Kutoonekana ni sehemu ya ufundi wake. Wimbo wa uwanjani nao ndivyo ulivyo. Ungetanguliwa na jina la mtunzi, ungekuwa onyesho la mtu mmoja na wengine wote wangegeuka watazamaji. Kwa hiyo sikubali kwamba kila aliye nyuma ya pazia amedhulumiwa. Dhuluma inaingia pale pazia linaposhushwa na mkono wa mwingine, na huyo mwingine akabaki mbele akihesabu mapato.

Doha ileile ilitupa mfano wa karibu zaidi nasi. Abubakr Abbas, kijana kutoka Kenya, alikuwa na kazi ya kuwaelekeza wageni wa Souq Waqif waende kituo cha metro. Akiwa juu ya kiti kirefu, kipaza sauti mkononi, aligeuza maelekezo kuwa wito na kiitikio: yeye anaita, umati unajibu. Video zikasambaa, akaalikwa uwanja wa Al Bayt kuwasalimu watazamaji wa mechi ya Uingereza na Marekani. Nilifurahi, nani asingefurahi? Lakini viti virefu vilikuwa vingi mjini. Tukimpandisha mmoja jukwaani tunajiona tumewalipa wote, na yule aliyepanda si mtu wa nyuma ya pazia tena. Tumeheshimu umaarufu mpya tu. Kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, kilichoanza kutumika Qatar Machi 2021, hakikushangiliwa na uwanja wowote. Kama kinatosha ni mjadala mwingine, lakini kwa mlinzi wa lango la saa nane usiku kina heshima kuliko video.

Muziki wa Kilatini una mambo hayohayo. Latin Recording Academy wanayo tuzo yao ya Trustees, kwa waliochangia kwa njia nyingine mbali na kuimba au kupiga ala. Ni jambo jema, ila linawafikia walioacha majina kwenye mikataba. Katika sherehe ya kufunga mashindano palepale Lusail, saa chache kabla ya kombe kunyanyuliwa, Ozuna wa Puerto Rico aliimba na Gims mzaliwa wa Kinshasa. Nyuma ya wimbo wao, "Arhbo", alikuwa RedOne, mtayarishaji kutoka Tétouan, Morocco. Huyo ana jina na hana haja ya huruma yetu. Shuka chini zaidi, hadi kwenye ngoma. Mdundo ambao reggaeton yote imesimama juu yake una uhusiano na "Fish Market", kazi ya mwaka 1989 ya Wajamaika wawili, Steely na Clevie. Mwaka 2021 Clevie na wanaosimamia mirathi ya Steely walikwenda mahakamani Marekani kudai haki yao, na kesi ikapanuka hadi kugusa nyimbo zaidi ya elfu moja. Wapo wanaosema mdundo haumilikiwi, na hoja yao ina uzito: ukifungia mdundo kabatini, vijana watapigia nini? Hata hivyo nashangaa kwamba hoja hiyo ya ukarimu huwajia zaidi wale ambao tayari wamelipwa.

Kinshasa wana libanga, jina linalorushwa katikati ya wimbo, hasa sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha, ikishachanganya. Nafasi ya kutaja watu imo ndani ya muziki wenyewe, wala haikuhitaji kamati. Ila imeuzwa: anayetajwa ni mfanyabiashara, mwanasiasa, tajiri wa Brussels aliyetoa bahasha. Siku atalaku, yule mrusha majina wa bendi, atakapomtaja mpiga tumba, nitataka pia kuona kama jina hilo limo kwenye karatasi ya mgao. Ningeambiwa nichague kimoja, ningechagua karatasi.

Karatasi nayo ina mwisho wake. Baba yake Gims, Djuna Djanana, aliimba katika Viva La Musica ya Papa Wemba. Wengi wa waliomsikia mwanawe Lusail hawakuwa na habari naye. Rumba aliyoiimba ilichota kwenye santuri za Cuba za mfululizo wa GV, ambazo kampuni ya HMV ilianza kuziuza Afrika mwaka 1933; ya kwanza ilikuwa "El Manicero". Muziki wa namna hiyo ulifika hadi Morogoro, ambako Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba. Na Cuba ilikuwa imepata ngoma zake, pamoja na namna ya mguu kuusubiri mdundo, kutoka kwa watu waliotekwa, wengi wakiwa Wakongo, na kupelekwa huko utumwani hadi ulipofutwa mwaka 1886. Hao ndio wachangiaji wakubwa kuliko wote. Mabwana waliwapa majina mengine na kuyaandika katika hesabu za mali. Aliyebuni pigo fulani la ngoma hatutamjua kamwe. Hakuna mgao utakaomfikia, wala mrithi wa kwenda mahakamani.

Kwao sina tuzo ya kupendekeza. Naona hata sanamu ingekuwa njia ya kujisifu sisi. Ninaloweza ni dogo: rafiki zangu wanaposema, kama wanavyosema kila baa ikipiga nyimbo za Franco wa Kongo, kwamba rumba tuliletewa na Wacuba, siitikii tena kwa kichwa. Nauliza Wacuba waliletewa na nani, na wakiniona mchoshi, sawa.