Upanga wa Bwana Harusi

Nilikuwa na miaka 12 hivi nilipopewa kazi, katika harusi moja ya Msambweni, ya kumshikia bwana harusi upanga alipokuwa msikitini akiozeshwa. Yeye na joho lake na kilemba walipendeza. Mimi na upanga hatukupendeza. Ulinizidi. Kila mkono ulipochoka, ncha ilichora mstari mchangani nyuma yangu.

Udadisi ukanituma niujaribu kwenye dafu. Haukuacha hata alama. Mjomba akaniona, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mpwa wangu, huo si wa kukata. Huo ni wa kuonwa na aliyesimama nyuma kabisa."

Sisi watu wa minazi tunajua chombo cha kukatia. Panga la shambani ni fupi, limekula tupa mpaka likakonda, na mwenye nalo halitoi kwa mtu hivi hivi. Upanga wa harusi ni mrefu, butu, na hauna kazi mwaka mzima. Ajabu ni kwamba huo butu ndio unaofungwa kitambaa na kuhifadhiwa.

Ukubwa mwingine una sababu ya vita. Wamoro wa kusini mwa Ufilipino wana kampilan, upanga unaokaribia mita 1, na ule ulikata watu kweli. Lakini huko huko Asia ya Kusini-Mashariki, majumba ya kifalme ya Java yanatunza silaha za urithi, pusaka, zenye majina ya heshima kama wazee, na hutolewa nje kwa maandamano. Hapo adui hayupo. Walio mbele ya silaha ni watu wa nyumbani.

Kwetu shughuli hiyo ilifanywa zaidi na siwa, pembe kubwa ya kupulizwa. Ile ya kisiwa cha Pate, ya pembe za ndovu zilizoungwa, ina urefu unaopita mita 2. Imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Huku kusini, madiwani (watawala) wa Vumba Kuu, karibu na mpaka wa Tanzania, nao walikuwa na siwa katika alama za enzi yao. Na udiwani haukupatikana kwa kupuliza tu: anayeutaka alilazimika kwanza kuandaa karamu na kuwalisha watu. Nadhani hapo ndipo siri ilipo. Kitu kikubwa namna ile hakitoki ndani kwa siri. Mwenyewe akikitoa, mji wote unajua ameahidi nini.

Siku hizi pale Diani naona ukubwa wa namna nyingine: ukuta mrefu, lango la chuma, gari ambalo barabara yetu ya mchanga haiwezi kulipisha. Sitaki kuonekana mwenye kijicho (kidogo ninacho). Ila ukubwa huo hauazimwi. Ule upanga wa harusi, tangu niujue, haujawahi kwenda nyumba moja harusi mbili mfululizo, na anayeuchukua huja na mashahidi wawili na kuurudisha umepakwa mafuta.

Mjomba ameshatangulia mbele ya haki. Upanga uko juu ya kabati langu, na kutu imeanza kuula karibu na kipini. Shaabani inakaribia, nyumba tatu zimeshatuma mtu.