Shahidi wa Pili

Kipimo kikisema mzima na mwili ukisema mgonjwa, nani aaminiwe? Niko kwenye likizo ya ugonjwa. Nilivalishwa Holter kwa saa 24, kile kimashine chenye waya za kubandika kifuani, na majibu yametoka. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Wangu umeruka mapigo machache, na chini pameandikwa: hakuna la hatari. Mhariri wangu kauliza, "Sasa si mzima huyo? Unarudi lini?"

Kasoma nusu ya majibu. Anayevaa Holter hupewa pia karatasi ya kuandika saa na alichokihisi. Mchoro unaonesha saa 10 jioni moyo ulikwenda mbio. Maandishi yangu yanasema: Darajani sokoni, mfuko wa mchele, kizunguzungu, nikakaa barazani. Daktari husoma vyote viwili, maana mashine haijui nilikuwa wapi.

"Hakuna la hatari" linajibu kama moyo unatishia uhai. Halijibu kama naweza kukimbizana na habari kutwa nzima. Anayemwamini mgonjwa haikatai mashine. Anamsikiliza shahidi wa pili, aliyekuwepo.