Maji Mekundu ya Bomba na Sala Iliyopotea

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).



Maji yalikatika mtaani kwetu hapa Bujumbura siku mbili. Yaliporudi usiku, yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Alfajiri, kijana mmoja tunayepanga naye aliyatazama, akasema, "Haya si maji ya udhu," akarudi kulala. Jua likachomoza hajasali. Adhuhuri, kijana huyohuyo alirudi na kiu, akakinga kikombe bombani akanywa.

Mambo yote mawili aliyapindua.

Tuanze na udhu. Katika Surat Al-Furqan, aya ya 48, Allah anatukumbusha kuwa ameteremsha maji ya kutwaharisha. Wanachuoni wameafikiana kwamba maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa sababu ya najisi, yamenajisika. Lakini wafuasi wa Imam Shafi'i wameeleza wazi kuwa mabadiliko yanayotokana na mahali maji yanapokaa au yanapopita, kama udongo, hayaondoi utwahara wake. Bomba ni mapito ya maji, na kutu ni ya bomba. Maji yakirudi kwa nguvu baada ya kukatika, huibua kutu na tope lililotulia ndani ya mabomba ya chuma. Basi udhu wake ungesihi. Na ukishuku tu, kumbuka kanuni ya fiqhi: yakini haiondolewi na shaka.

Yakitoka na harufu ya choo, hapo ni jambo jingine. Bomba la maji machafu huenda limeingiliana na la maji safi. Yaache, tafuta mengine, uwaarifu wahusika. Usipopata maji kabisa, tayamamu ipo. Sala haina likizo.

Sasa kunywa. Maji kuwa twahara si dalili kuwa ni salama. Mtume (s.a.w.) amekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi kutu. Fungua bomba la maji baridi mpaka yatoke meupe, na hayo ya mwanzo yakinge kwenye ndoo: yatafaa chooni na kudekia, maana israfu ni haramu hata ya maji mekundu. Yakisafika, chemsha ndipo unywe. Usifue kanzu nyeupe siku hiyo, wala usitie dawa ya klorini ukidhani itaondoa madoa. Klorini huyakoleza madoa ya kutu. Ndimu husaidia.

Kisha bisha hodi kwa jirani. Kwake yakiwa meupe, tatizo liko kwenye mabomba au tangi la nyumba yenu, mwambieni mwenye nyumba. Kwake nako yakiwa mekundu, nendeni pamoja kuripoti. Na pale penye mama anayemkorogea mtoto uji, mweleze kabla hajateka. Wewe umesoma, elimu uliyonayo ni amana, utaulizwa uliitumiaje.

Yule kijana alilipa Alfajiri yake. Tumbo lake lilisalimika, alhamdulillah. Lakini angemuuliza mtu kabla ya kulala, asingekuwa na deni.

Allah atupe elimu yenye manufaa, na atuhifadhie sala zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.